Dola 1,800, siku 14, nchi mbili: tupange vipi fedha za matumizi?

Swali: Mimi na mume wangu tunasafiri nje ya nchi kwa mara ya kwanza. Ni siku 14 katika nchi mbili zenye sarafu tofauti. Tiketi na malazi tumeshalipia, na tumebakiwa na dola 1,800 za matumizi yetu wote wawili. Mmoja anatuambia tubebe zote taslimu, mwingine anasema siku hizi kadi inatosha. Hofu yangu ni kuishiwa siku ya tisa tukiwa ugenini. Kila siku tutumie kiasi gani, na fedha zenyewe tuzibebe vipi?

Jibu: Dada yangu, hofu yako ina msingi. Wengi huishiwa katikati ya safari, na mara nyingi si kwa sababu fedha zilikuwa chache. Walichukua jumla waliyokuwa nayo, wakaigawa kwa idadi ya siku, wakaridhika. Kwa hesabu hiyo dola 1,800 kwa siku 14 ni dola 128 na ushee kwa siku, na mwenye 128 mfukoni siku ya kwanza hujiona yuko vizuri sana. Kumbe ndani ya hizo 128 imo nauli ya kwenda nchi ya pili, zimo zawadi, yamo makato ya benki, imo na dawa ya homa itakayotafutwa usiku wa manane. Vyote hivyo vitakuja kudai haki yake, na vitadai baada ya fedha kutumika kwa mambo mengine.

Kwa hiyo hilo la kadi na taslimu liweke pembeni kwanza. Chukua karatasi tuzitenganishe hizo 1,800.

Toa fedha ya dharura kabla ya kitu kingine chochote. Kwa safari kama yenu napendekeza isipungue sehemu moja ya sita, yaani dola 300. Hizi zisionekane katika hesabu ya siku yoyote, hata siku mtakayokutana na kitu kizuri dukani. Zinabaki 1,500.

Kisha toa gharama kubwa mnazozijua tayari: usafiri wa kutoka nchi ya kwanza kwenda ya pili, viingilio vya mahali ambapo hamtakubali kurudi bila kupaona, ada ya viza kama hulipwa mnapoingia, laini ya simu ya huko, zawadi. Ulizeni pia hotelini kama kuna kodi ya utalii. Miji mingi ya Ulaya huitoza kwa kila mtu kwa kila usiku, na mara nyingi haimo katika bei uliyolipa mtandaoni. Inadaiwa mapokezini, wakati mwingine kwa taslimu. Tuseme vyote hivi vimefika dola 380. Zinabaki 1,120. Gawa kwa siku 14, unapata 80.

Hiyo 80 ndiyo fedha yenu ya siku: chakula, daladala au treni za mjini, maji, viingilio vidogo vidogo, kahawa ya jioni. Ukiilinganisha na ile 128 utaona siku ya tisa unayoiogopa inatoka wapi. Anayetumia 128 kwa siku akiamini ni haki yake anazimaliza hizo 1,120 kabla siku ya tisa haijaisha. Mfano wako umeangukia hapo hapo.

Hata hivyo siku hazilingani, na hapa ndipo bajeti nyingi nzuri za karatasini huvunjika. Siku ya kufika ni ghali. Mmechoka, mna mizigo, hamjui basi lipi linaingia mjini, pengine ni usiku. Mtapanda teksi na mtakula mahali pa kwanza mtakapopaona. Msipambane na hilo, litengeeni fedha. Kwenu siku za kufika ni mbili kwa kuwa nchi ni mbili, kwa hiyo zipeni dola 125 kila moja. Siku ya kuondoka sehemu kubwa huishia njiani na uwanja wa ndege, 45 zinatosha. Ukitoa hizo 250 na 45 kwenye 1,120 unabaki na 825 kwa siku 11 za kawaida, sawa na dola 75 kwa siku. Andika 75 hiyo kwa kalamu nzito.

Kuitunza ni rahisi kuliko watu wanavyofikiri. Wengi hujaribu kuandika kila walichonunua, na kufikia siku ya tatu daftari limesahaulika. Nyinyi hesabuni kilichobaki. Asubuhi wekeni fedha ya siku hiyo tu kwenye pochi ndogo, na kila kinacholipwa kwa taslimu kitoke humo. Usiku mwagieni kitandani kilichomo mkihesabu. Malipo ya kadi peke yake ndiyo ya kuandika, kwa kuwa kadi haipungui ukiishika. Kila ikitumika kwa matumizi ya siku, mmoja wenu aandike kiasi papo hapo kwenye simu, kabla hamjatoka dukani.

Kisha fanyeni mgawanyo upya kila jioni: fedha ya siku za kawaida iliyobaki yote, gawa kwa siku za kawaida zilizobaki. Kama zimebaki 450 na siku 6, kesho ni 75, mambo yanakwenda sawa. Kama zimebaki 390 kwa siku hizo hizo 6, kesho ni 65, na hakuna haja ya kulaumiana wala kufuta chochote kikubwa. Faida ya kuhesabu kila jioni ni hiyo: kosa la jana linasambazwa kwenye siku nyingi likiwa bado dogo. Kwa mume na mke ina faida nyingine ambayo nimeiona mara nyingi. Kinachogombanisha watu safarini mara nyingi ni kutojua. Mmoja anadhani fedha zipo tele, mwenzake amebeba wasiwasi peke yake. Wote wawili mkiijua namba ya kesho, mazungumzo yanakuwa mafupi.

Namba hiyo lazima iishi katika sarafu ya mahali mlipo. Tuseme dola 1 ni sawa na 18.4 za huko. Ukiwa sokoni hutagawa kwa 18.4 kichwani huku muuzaji anakusubiri. Hesabu kwa 18. Ukiona kitu cha 180, kiite dola 10, ingawa kwa kiwango halisi ni pungufu kidogo ya 9.80. Unazungusha kiwango kwa upande unaofanya vitu vionekane ghali kidogo, na hiyo tofauti ndogo ndiyo itakayobeba makato ya benki bila bajeti kutikisika. Usizungushe upande wa pili kamwe. Anayehesabu kwa 20 ili kurahisisha anajidanganya karibu dola 9 katika kila mia. Mkivuka kwenda nchi ya pili, tafuteni namba mpya na muizoee ndani ya gari au ndege, maana masaa ya kwanza kwenye sarafu mpya ndiyo ambayo mtu hutoa noti kubwa akidhani ni ndogo.

Sasa hilo la kadi au taslimu. Wanaowashauri wote wawili wamesema nusu ya jambo. Anayebeba zote taslimu, begi likipotea safari imekwisha. Anayetegemea kadi moja, mashine ikiimeza usiku wa Jumamosi safari imesimama. Fedha yenu ikae sehemu tatu zisizoweza kupotea kwa ajali moja. Kwa 1,800 yenu ningeigawa hivi: dola 500 taslimu, dola 900 kwenye akaunti ya kadi ya kwanza, na dola 400 kwenye akaunti ya kadi ya pili, ikiwezekana ya benki nyingine na ya mtandao mwingine, mmoja Visa na mwingine Mastercard. Katika zile 500 taslimu, 200 ni za dharura na hazibadilishwi. Dola 100 nyingine za dharura zilale kwenye kadi ya pili. Kila mmoja wenu atembee na kadi yake. Kadi zote mbili zisikae kwenye mkoba mmoja hata kwa nusu saa.

Mgawanyo huo unafaa nchi ambako kadi za kigeni zinafanya kazi kama kawaida. Kabla hamjaondoka hakikisheni nchi zenu ni za namna hiyo, kwa sababu zipo ambako kadi yako ni kipande cha plastiki tu. Visa na Mastercard zilisimamisha shughuli zao Urusi Machi 2022, na kadi za mitandao hiyo zilizotolewa nje hazifanyi kazi huko. Iran nayo iko nje ya mitandao hiyo ya malipo. Unakoenda kukiwa hivyo, fedha zote za safari zinaingia nawe zikiwa taslimu. China ni habari nyingine: watu hulipa kwa simu, na mgeni anaweza kuunganisha kadi yake ya nje kwenye Alipay au WeChat Pay, kazi ambayo ni bora kuimaliza nyumbani ukiwa na utulivu na laini yako ya simu. Sweden utakuta maduka yasiyopokea taslimu kabisa, wakati Ujerumani na Japani bado kuna mahali pengi pa kulia chakula ambapo taslimu ndiyo inayopokelewa. Jua hali ya unakokwenda, kisha punguza au ongeza ile 500.

Kuhusu noti zenyewe, sitachoka kulisema hili kwa sababu nimewaona watu wakirudishiwa fedha halali dirishani huku machozi yakiwalenga. Wabadilishaji wengi duniani hukataa dola iliyochanika, iliyochorwa kalamu, iliyopigwa muhuri au iliyozeeka, na wengi hawataki matoleo ya zamani. Serikali ya Marekani inasema noti zake zote bado ni halali, lakini aliye nyuma ya kioo ndiye anayeamua kama ataichukua. Noti ya dola 100 iliyo salama zaidi ni ile yenye utepe wa buluu katikati, iliyoanza kutolewa Oktoba 2013. Mkichukua dola benki, simameni hapo hapo dirishani mzigeuze moja moja chini ya taa, pande zote mbili, na msiyoipenda ombeni ibadilishwe. Noti ndogo ndogo sehemu nyingi hubadilishwa kwa bei ya chini kuliko za 50 na 100, kwa hiyo nyingi ziwe kubwa, na mbaki na chache za 5 na 10 kwa ajili ya njiani.

Kama mna pauni au euro zilizobaki kwa ndugu aliyewahi kusafiri, ziangalieni vizuri kabla ya kuzitegemea. Noti za karatasi za pauni 20 na 50 za Benki Kuu ya Uingereza hazitumiki madukani tangu 30 Septemba 2022, ingawa benki hiyo yenyewe bado huzibadilisha. Noti ya euro 500 ilisimama kutolewa mwaka 2019. Ni halali hadi leo, ila jaribu kununua nayo maji uone watakavyokutazama.

Msibadilishe fedha nyingi kabla ya kuondoka, wala uwanja wa ndege mkifika. Dola 50 zinatosha kufika hotelini, na pale kiwango kibaya mtakivumilia kwa sababu kiasi ni kidogo. Zilizobaki zisubiri mjini.

Mkifika kwenye duka la kubadilishia fedha, jifunzeni kusoma ubao. Kuna safu mbili, bei wanayonunulia na bei wanayouzia. Nyinyi mnawauzia dola, kwa hiyo bei yenu ni ile ya kununulia, ambayo daima ni ndogo kuliko ya kuuzia. Tuseme wananunua dola kwa 17.6 na kuuza kwa 19.2. Bei ya kati ni 18.4, ile ile mtakayoiona mkitafuta kiwango kwenye intaneti. Mkitoa dola 300 mtapata 5,280, wakati kwa bei ya kati zingekuwa 5,520. Hizo 240 zilizopungua ni kama dola 13, na ndiyo gharama yenu halisi hata kama mlangoni wameandika kwa herufi kubwa kwamba hakuna kamisheni. Kamisheni imo ndani ya bei. Duka zuri utalijua kwa safu hizo mbili kukaribiana. Zikiachana sana, ondokeni. Kabla ya kutoa fedha yenu ulizeni swali moja tu: "Nikikupa hizi 300, unanipa ngapi mkononi?" Jibu lake ndilo la kulinganisha na duka la jirani. Hesabuni mbele yake kabla hamjaondoka dirishani, mchukue na risiti. Kijana wa mtaani anayewaahidi bei nzuri kuliko ya ubao aachwe na bei yake. Bei hiyo hulipwa kwa noti bandia au kwa kitita kilichokunjwa katikati, na katika nchi nyingi kubadilisha fedha na mtu asiye na leseni ni kosa la jinai linalomkuta mgeni pia.

Mashine ya ATM mara nyingi huwapa kiwango kizuri kuliko duka, kwa sababu kinachotumika ni kiwango cha mtandao wa kadi, ambacho hukaa karibu na bei ya kati. Kinachoumiza ni makato yanayowekwa juu yake. Piga simu benki yako wiki hii uulize mambo haya: ni ada gani ya kutoa fedha nje ya nchi, ni asilimia ngapi mnakata kwa muamala wa fedha za kigeni, na kikomo changu cha kutoa kwa siku ni kiasi gani. Tuseme ada ni dola 5 pamoja na asilimia 3. Mkitoa dola 75 kila asubuhi kwa siku nne, kila mara mnakatwa 5 na 2.25, jumla dola 29. Mkitoa 300 kwa mara moja mnakatwa 5 na 9, jumla 14. Fedha ni zile zile, siku ni zile zile, tofauti ni dola 15 zilizokwenda bure. Kwa hiyo toeni fedha ya siku nne kwa pamoja, iliyobaki ifungiwe kwenye kisanduku cha chumbani, na pochi ibebe ya siku moja. Mashine yenyewe inaweza kuongeza ada yake, na nyingi hulazimika kuionyesha kwenye skrini kabla hujakubali. Ikiwa kubwa bonyeza kufuta uende kwenye mashine ya benki nyingine. Chagua mashine iliyo ukutani mwa benki, mchana, benki ikiwa wazi. Kadi ikimezwa, mwenye mashine yuko mita chache.

Namba ya siri ikiwa ndefu kuliko tarakimu nne, zungumzeni na benki, kwa kuwa mashine za nchi kadhaa hukubali nne tu. Na angalieni mpangilio: ziko mashine zinazotoa fedha kwanza na kadi baadaye. Aliyezoea kuchukua kadi kwanza hupokea noti, akageuka na kuondoka. Msihesabu noti wala kuzungumza mpaka kadi iwe mkononi.

Kuna mtego mmoja ambao ningependa muukariri kabla ya yote niliyosema kuhusu kadi. Mtakuwa mmeshaingiza namba ya siri na kiasi, kisha skrini itawauliza kama mnataka akaunti yenu ikatwe kwa sarafu yenu ya nyumbani, kwa kiwango ambacho mashine yenyewe imekipanga. Inaonekana kama huduma. Kiasi kinaonyeshwa kwa fedha mnayoielewa, kitufe cha kukubali ni kikubwa na cha kijani, na cha kukataa kimeandikwa kwa namna inayotisha, kana kwamba ukikibonyeza muamala utafutwa. Haufutwi. Kataeni ubadilishaji, fedha itatoka vile vile, na ubadilishaji utafanywa na mtandao wa kadi pamoja na benki yenu. Kiwango cha mashine kinaweza kuwa kibaya kwa asilimia kadhaa kuliko cha mtandao, na hufika hata zaidi ya kumi. Swali hilo hilo huja hotelini na dukani, ambako mhudumu anaweza kukuchagulia bila kukuuliza. Kwa hiyo kisomeni kile kimashine kabla ya kugusa kadi: kama kiasi kimeandikwa kwa sarafu ya nyumbani, mwambie mhudumu afute aanze upya kwa sarafu ya hapo. Ni haki yenu. Umoja wa Ulaya ulilitazama jambo hili kwa uzito kiasi kwamba tangu Aprili 2020 mashine zake zinatakiwa kuonyesha ni asilimia ngapi imeongezwa juu ya kiwango cha Benki Kuu ya Ulaya. Mkiiona asilimia hiyo kwenye skrini hamtahitaji kushawishiwa kukataa.

Kadi ya mkopo, kama mmoja wenu anayo, itumike kulipia vitu, isitumike kutolea taslimu. Riba ya taslimu iliyotolewa kwa kadi ya mkopo kwa kawaida huanza kuhesabiwa siku hiyo hiyo, bila ule muda wa neema unaoupata ukinunua kitu. Kazi yake nzuri safarini ni dhamana. Hoteli na makampuni ya kukodisha magari huzuia kiasi fulani kwenye kadi kama amana, na kwenye kadi ya kawaida ya benki kiasi hicho kinatoka kwenye salio lako halisi. Tuseme hoteli imezuia dola 200 kwenye ile kadi ya 900. Fedha haijaibwa, itarudi, lakini inaweza kuchukua siku kadhaa baada ya nyinyi kuondoka, na wakati huo kwenu ni kama haipo. Ulizeni kwa barua pepe kabla ya kufika: mnazuia kiasi gani, na mnapokea amana ya taslimu? Kama hamna kadi ya mkopo, amana hiyo iingizeni kwenye hesabu zenu tangu sasa.

Simu ni sehemu ya fedha siku hizi, na watu hulisahau hili. Benki hutuma namba ya kuthibitisha malipo kwenye laini yako ya nyumbani. Ukiitoa laini hiyo ukaweka ya huko, namba haifiki, malipo yanakataliwa, na ukijaribu mara nyingi kadi inafungwa. Hakikisheni laini ya nyumbani inapokea ujumbe mkiwa nje, au programu ya benki inathibitisha bila ujumbe. Iarifuni benki nchi na tarehe. Namba za simu za dharura za benki zote mbili ziandikeni kwenye karatasi, kila mmoja nakala yake, maana simu na kadi hupotea pamoja.

Ile bahasha ya dola 200 za dharura iwe mbali na fedha nyingine zote. Kwenye mkanda wa ndani ya nguo siku za kusafiri, na kwenye kisanduku cha chumbani siku za kukaa. Msiifungue mbele za watu. Fedha kutoka kwenye mkanda sokoni inamwonyesha kila mtu mahali pa kutafuta.

Kuhusu forodha msiwe na wasiwasi kwa kiasi chenu. Umoja wa Ulaya unataka anayeingia au kutoka na taslimu ya euro 10,000 au zaidi aitangaze, na Marekani inataka hivyo kwa inayozidi dola 10,000, ambapo familia inayosafiri pamoja huhesabiwa kwa ujumla wake. Kutangaza si kukatazwa. Anayepata matatizo ni anayeficha. Nchi nyingine zina viwango vya chini zaidi, kwa hiyo someni masharti ya nchi zenu.

La nchi mbili linahitaji uangalifu zaidi. Sarafu ya nchi ya kwanza inaweza kukosa mnunuzi mkishavuka, au mkapewa bei ya kuhuzunisha. Ziko nchi zinazokataza sarafu yao kutoka nje. Tunisia ni mojawapo, dinari zake hazitakiwi kuvuka mpaka. Kwa hiyo mara ya mwisho kutoa fedha katika nchi ya kwanza iwe siku tatu kabla ya kuondoka, na mtoe kwa hesabu, siyo kwa mazoea. Siku ya mwisho kabisa lipeni kwa taslimu mpaka pochi iishe, na kinachopungua kimaliziwe na kadi. Hoteli nyingi zitakubali kupokea sehemu ya bili kwa taslimu na sehemu kwa kadi. Sarafu za chuma zitangulizeni, kwa kuwa maduka ya kubadilishia fedha kwa kawaida hayazipokei. Mkibaki na noti, zibadilisheni kabla ya kuvuka mkiwa na zile risiti mlizohifadhi, maana baadhi ya nchi hazikurudishii fedha ya kigeni bila kuonyesha risiti ya benki au ya duka lenye leseni.

Mkirudi, zile risiti na orodha ya malipo ya kadi msizitupe. Hoteli, magari ya kukodi na maduka mengine huleta makato siku kadhaa baadaye, wakati mwingine kwa kiasi tofauti kidogo kwa kuwa kiwango kilichotumika ni cha siku ya kukamilisha malipo. Kaeni na taarifa ya akaunti mwezi mmoja baada ya safari, mlinganishe mstari kwa mstari. Mkiona malipo yaliyokatwa mara mbili, au amana ambayo bado imezuiwa wakati hoteli inasema imeiachia, pigeni simu benki siku hiyo hiyo mkiwa na risiti mkononi, na mwombe namba ya malalamiko kabla ya kukata simu.